Uso wa Kaka

Tarehe 9 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na ule mgongo uliokuachisha kazi umepunguza kukusumbua. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mwambie nimenunua zile soksi nene alizonishauri. Zinabana, lakini nazivaa. Huku hema letu la sarakasi limesimama kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kituo cha treni, na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mwenye mbwa wa michezo bado hajapata mbwa mwingine tangu yule wake afe mwaka jana. Siku hizi anauza tiketi na kununa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Meneja amekataa nijitengenezee uso wangu. Nilimweleza kwamba sisi machale, wachekeshaji wa hemani, kila mtu ana uso wake, hauazimwi, na mwenyewe akiacha kazi unafutwa. Alinitazama kama namsimulia ndoto. "Miji yote inamjua chale wa jicho jeusi," akasema. "Ukitokea na uso mwingine nitadaiwa yule wa zamani. Uvae au urudi kwa mama yako."

Basi nimeuvaa uso wako. Rangi nyeupe kote, mdomo mwekundu hadi karibu na masikio, duara jeusi kwenye jicho moja. Nimeupaka vilevile ulivyonifundisha jikoni kwa mama, tumekaa tukitazamana, wewe unajipaka na mimi nakufuata.

Na kazi inakwenda, kaka! Unakumbuka ulivyoniambia nitafute ufunguo, yule mtu mmoja ambaye akicheka hema zima linafunguka? Hapa ufunguo wangu ni mwoka mikate, mama mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi. Anaanza kucheka hata kabla sijateleza. Jana alinifuata nyuma ya hema akifuta machozi, akaniambia, "Mimi huja kila mwaka. Mwaka huu, huo uso umempata mwenyewe."

Nimeona nikuandikie, ujue kazi yako haikupotea bure.

Mdogo wako

Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tuko salama. Magoti ya mama ni yaleyale, asubuhi yanagoma na jioni yanakubali. Jirani wa mlango wa pili anamsaidia kuchota maji, maana mimi nimepata kazi. Napakia vifurushi kwenye treni ya mizigo, na mara nyingine nasafiri navyo mpaka mwisho wa reli. Mgongo hausemi kitu. Kupanda treni napanda bure, kwa hiyo siku moja unaweza kuniona mlangoni.

Barua yako nilimsomea mama. Alicheka pale penye soksi. Pale penye mwoka mikate sikumsomea.

Sina hasira. Kwa nini niwe na hasira? Uso nilikaa nao miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nikiamka usiku najikuta naugusa kwenye shavu na haupo. Lile duara la jicho nilikesha nalo mwezi mzima mbele ya kioo cha mama mpaka likakaa sawa. Wewe umeupata kwa kufuata mkono wangu, kama mtoto anayejifunza herufi. Hongera.

"Umempata mwenyewe." Huyo mama anajua maana ya anachokisema, au anacheka tu kama watu wanaocheka mazishini? Anaoka wapi? Nauliza kwa sababu namkumbuka mwoka mikate mmoja wa mji huo aliyekuwa akikaa safu ya tatu, mikono kifuani, ananitazama kama nimemkanyaga. Kama ni yeye, nitashangaa sana.

Kula vizuri.

Kaka yako

Tarehe 12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umepata kazi na mgongo umekubali. Huku tumepata mvua mbili, na hema linavuja juu ya wapiga ngoma, ambao wanasema ni mimi niliyelaani kwa sababu natembea na mwavuli uliotoboka.

Ni yuleyule, kaka! Safu ya tatu. Alikiri mwenyewe kwangu kwamba zamani hakuwa akicheka, eti alikuwa akikuogopa kidogo. Usichukie, nakuambia alivyosema. Duka lake liko mtaa wa nyuma ya soko, mlango wa bluu, na ghala la unga liko uani. Mchana wateja wakipungua huwa anakaa huko peke yake na kahawa yake. Mimi hupitia huko nikapewa mikate ya jana bure.

Kitu kimoja nataka kukuuliza. Mama hajaniandikia hata neno. Najua hawezi kushika kalamu, lakini wewe si upo? Ulipokuwa barabarani, mimi ndiye nilikuwa nikiandika barua zake kwako, kurasa tatu, mbele na nyuma. Viatu vyako vya kazi bado viko chini ya kitanda chake, vimefungwa kwenye kitambaa. Mimi hajawahi kuniuliza hata nacheza saa ngapi. Mwambie nauliza.

Mdogo wako

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa safarini na vifurushi. Mama anakusalimu. Hakusema zaidi ya hapo na mimi si mtu wa kumtia mtu maneno mdomoni.

Aliniogopa. Sawa.

Kaka yako

Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sijui nianze wapi. Tumeshahama, tuko mji wa pili kufuata reli, lakini roho yangu imebaki kule.

Mwoka mikate ameuawa. Walimkuta kwenye ghala lake mchana kweupe, juu ya magunia, kamba shingoni. Na mdomo wake ulikuwa umepakwa rangi nyekundu, kaka, hadi masikioni. Rangi kama ya kwetu. Askari walikuja hemani wakafungua masanduku yetu yote wakanusa kila kopo. Hawakupata cha kutushika. Meneja akaamuru tung'oe hema siku ileile, na watu wa mji walisimama kando ya barabara wakitutazama.

Siku tatu sikupaka rangi. Meneja akasema kama naomboleza niombolezee nyumbani. Nikarudi uwanjani, na hapo, sijui ni huruma ya Mungu, nikapata ufunguo mwingine. Ni kinyozi, mwembamba, kibanda chake kiko mkabala na shule ya wasichana. Anacheka kwa kwikwi na hawezi kujizuia, wenzake wanampiga mgongoni. Alinikata nywele bure akaniambia, "Nyie wawili nimewaona. Kaka yako alikuwa fundi. Wewe unachekesha." Nililia kwenye kiti chake.

Sikuandika haya ili kujisifu. Au labda kidogo. Nilihitaji kusikia neno zuri baada ya yale.

Niandikie upesi.

Mdogo wako

Tarehe 8 Mei

Mdogo wangu,

Hapa hatujambo, ila mama alianguka bafuni. Hakuvunjika. Jirani alikuwepo, mimi nilikuwa kazini.

Pole kwa msiba wa rafiki yako. Watu hufa. Nilisoma barua yako mara nyingi ndani ya behewa, na nimeona kwamba umeandika mistari michache kuhusu maiti, na baadaye ukaandika mingi kuhusu kinyozi anavyokusifia. Kwa hiyo hujaumia sana.

"Kaka yako alikuwa fundi." Alikuwa! Nilianguka kutoka kwenye ngazi ile ya mchezo mara elfu na nikaamka kila mara. Nilikula sabuni mbele ya watoto. Fundi ni mtu wa kutengeneza bomba. Wewe una miezi mitatu na tayari wanakulinganisha na mimi, na wewe unaichukua hiyo sentensi unaifunga vizuri unaniletea mpaka mlangoni. Usinifanye mjinga. Unaandika ili inichome.

Mwambie Meneja mgongo umepona. Mwambie nautaka uso wangu. Wewe tafuta mwingine, upake masharubu au uchore maua, mimi sijali. Huo ni wangu.

Kaka yako

Tarehe 3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Ninaandika kwa shida, mkono wa kulia umevimba, lakini naendelea vizuri. Natumaini mama amepata fimbo ya kutembelea. Nilituma ujumbe kwa jirani.

Kinyozi ameuawa. Kibandani mwake, saa za mchana watu wakiwa wamejipumzisha. Kamba ileile, na mdomo uleule mwekundu. Safari hii kuna mtu aliyeona. Muuza mkaa wa upande wa pili wa barabara alimwona chale akitoka mle ndani, uso mweupe na jicho jeusi, anatembea taratibu kama mtu aliyetoka kunyolewa. Chale akamwinamia kumsalimu, akaenda zake.

Unafikiri walikuja kwa nani? Walinikuta nimelala. Watu wa mtaa walifika kabla ya askari, na mkono wangu ni kazi yao. Askari waliniokoa wakanifungia ndani. Mpelelezi, mtu mpole anayekula karanga muda wote, akaniambia wazi kwamba kwa maiti mbili na uso kama huo sitatoka. Nililala kwenye saruji nikiwaza kitanzi tu. Asubuhi wakaniletea makopo yangu, wakaniamuru nijipake, wakamwita muuza mkaa. Alinitazama muda mrefu, akazunguka, akarudi. Kisha akasema, "Siye huyu."

Wameniachia.

Meneja alikuja kunichukua. Njiani akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Kwamba hukuwahi kuumwa mgongo. Kwamba usiku mmoja watu walimcheka mbwa kuliko wewe, na asubuhi mbwa akakutwa amenyongwa kwa kamba ya hema, na yeye akakufukuza kimyakimya ili kazi isiharibike jina.

Kaka, siku ile kinyozi alipokufa, ulikuwa wapi?

Mdogo wako

Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mama anatembea na fimbo na anagombana nayo kama alivyokuwa akigombana na baba. Ameniuliza habari zako, nikamwambia umekuwa mtu mkubwa hata askari wanakufuata. Alifurahi.

Yule mbwa alikuwa anang'ata.

Nilikuwa kazini. Niko kazini kila siku, treni haina Jumapili. Usiniulize tena swali kama hilo katika barua ambayo naifungua mbele ya mama.

Sasa nijibu wewe. Kwa nini alisema siye? Uso ni mmoja. Ulikuwa umejipaka, alikuwa amesimama karibu, jua limechomoza. Mtu anayeuza mkaa macho yake yamezoea nyeusi na nyeupe. Kwa nini alisema siye? Ulisahau kitu? Ulipaka ovyo? Nimekuwa nikiliwaza hili behewani mpaka vifurushi vya watu vinashuka vituo visivyo vyake. Kama unaupaka vibaya uso wangu mbele ya watu, na bado wanacheka, basi nataka kujua wanacheka nini.

Nijibu hilo tu. Mengine yaache.

Kaka yako

Tarehe 1 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Nisamehe kwa barua yangu iliyopita, nilikuwa nimetoka mahabusu na kichwa kilikuwa si changu. Nimefurahi kusikia habari za fimbo, nimecheka peke yangu. Mkono umepona. Tumehamia mji wa tatu, mji wenye baridi, na nimewapa wapiga ngoma ule mwavuli wangu ili waache maneno.

Kuhusu muuza mkaa, sijui. Watu huona wanavyoona.

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia tena kuhusu watu wanaocheka. Lakini wewe ni kaka yangu na ndiye mwalimu wangu, nitamwambia nani? Hapa yuko fundi saa. Mzee, anaishi peke yake juu ya duka lake, ngazi iko upande wa nyuma na mlango wa juu haufungi vizuri. Jumanne hafungui duka, anashinda humo chumbani na saa zake. Juzi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi, wakamwagia maji. Nilipomwendea akanishika mkono akasema, "Binti, yule aliyekuwa na uso huu kabla yako alikuwa ananisinzisha. Nilikuwa nadhani uso ndio mbaya. Kumbe ni yeye."

Nilimwambia asiseme hivyo. Akacheka tena.

Msalimie mama. Mwambie nampenda, hata kama hajauliza.

Mdogo wako

Tarehe 26 Julai

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja juu sana na tuko watu wanne. Mmoja anakoroma, wengine wawili wananiogopa na kunipa nafasi ya kulala kwa raha. Chakula kinatosha. Huyo mpelelezi wako anayekula karanga ndiye aliyenipa karatasi.

Fundi saa wako ni askari mwenye kipara. Nilipanda ngazi, mlango haukufungwa vizuri kama ulivyosema, nikaingia nimejipaka, nikamwinamia. Hukuandika kwamba nyuma ya pazia kuna wengine watano. Umejifunza kupanga onyesho, hilo nakupa.

Watu humu wananiuliza kwa nini nilikuwa najipaka. Wewe hutauliza. Chale haendi kwa mtazamaji na uso mtupu. Na nataka ujue kwamba niliwapa nafasi. Niliingia kwenye ghala la unga nikamchezea yule mama mchezo wote, wa ngazi bila ngazi, wa sabuni, wa kofia. Niliucheza vizuri kuliko nilivyowahi kuucheza popote. Angecheka mara moja tu, ningeondoka na mkate wangu. Alilia. Kinyozi naye alisema "tafadhali, tafadhali" mpaka mwisho. Nikawapaka kicheko mwenyewe, maana kwako walikuwa nacho na kwangu walikinyima.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Mpelelezi aliniwekea picha mbili mezani, mimi na wewe, sote tumepakwa. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona mwizi na mwenye mali. Akaweka kidole kwenye jicho langu, la kushoto. Akaweka kidole kwenye lako. La kulia.

Nikaziweka picha hizo mbili uso kwa uso, kama tulivyokaa jikoni.

Uliufuata mkono wangu ukiwa umekaa mbele yangu. Ulichokiona upande wako wa kulia ukakipaka upande wako wa kulia. Na mimi nisingeweza kugundua kamwe, kwa sababu uso wangu sijawahi kuuona ila kwenye kioo, na kwenye kioo duara liko upande ule ule lilipokuwa kwako. Wewe ndiye picha niliyoizoea. Watu hawakuwahi kuuona uso ninaoujua mimi, mpaka ulipowaonyesha wewe. Na walicheka!

Ulijua tangu lini? Bila shaka tangu muuza mkaa. Ukanyamaza, ukaniandikia "watu huona wanavyoona".

Humu hawaruhusu kioo. Wanaogopa tutakivunja na kukatana. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na baada ya hapo hutanisikia tena. Uje siku ya kutembelea wafungwa, umejipaka. Ukae mbele yangu, kama jikoni. Sitasema chochote. Nataka kujiona.

Kaka yako

Tarehe 9 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Niko nyumbani. Meneja amenipa likizo mpaka kesi yako iishe, na ameniambia nikirudi nirudi na uso wowote ninaoutaka. Paa la jikoni linavuja upande wa jiko, nimeweka sufuria. Jirani wa mlango wa pili ameacha kuja.

Nilijua siku ileile niliyoachiwa. Muuza mkaa alininong'oneza mlangoni kwamba yule aliyemwona duara lake lilikuwa jicho la pili. Nikarudi hemani nikakaa mbele ya kioo, nikakukumbuka jikoni, nikaelewa. Kwa majuma mawili nilibeba jambo hili bila kumwambia mtu. Kila nilipoingia uwanjani niliwatazama wale waliokuwa wakicheka sana, nikawahesabu kama maiti. Ndipo nikaenda kwa mpelelezi, tukaiandika pamoja barua ya fundi saa. Maneno ya kukusinzisha ni yangu. Nilijua hilo hutaliacha.

Nimemwambia mama kila kitu, kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisema hakusikia. Kisha akauliza kama mnapewa blanketi. Tangu juzi anakupikia, anapakia, anapakua, anapakia tena. Amevitoa viatu vyako chini ya kitanda na kuvipaka mafuta, nikamwambia hawatakuruhusu kuvivaa, akasema avipake tu. Mimi hajanitazama usoni tangu nifike. Jana nilimwuliza, "Mama, mimi walitaka kuninyonga, unajua?" Akanijibu, "Wewe si umetoka?"

Nimeuona wivu wako wote katika barua hizi, kaka, na nimekuchukia kwa ajili yake. Sasa nimekaa na wangu jikoni, namtazama mama akikufungia chakula chako, na ninatamani kukipiga teke.

Jumapili nitamleta. Hawezi kupanda ngazi za gereza peke yake. Nitakaa naye kwenye benchi mbele yako, atakushika mkono kama wataruhusu, na atakuuliza kama unalala vizuri.

Mimi nitakuja nimenawa uso.

Mdogo wako